UZI: Zimamoto ya Chile, ambako mzima moto hulipa ada ya chama badala ya kupokea mshahara

Mchango wa 1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kila soko linapoungua huku kwetu, mjadala humu jukwaani huzuka kwa siku tatu kisha hukwama pale pale: gari lilichelewa, gari lilifika likiwa halina maji, nani awajibike. Leo naomba niwaletee habari ya nchi ambayo jambo hili ililianzia upande mwingine kabisa, kwa raia wenyewe, na hadi sasa raia hao hawajakubali kumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Nchi yenyewe ni Chile, Amerika ya Kusini. Takriban watu 50,000 ni wazimamoto katika vikosi zaidi ya 300 vilivyotawanyika kutoka jangwa la kaskazini hadi visiwa vya baridi vya kusini, na hakuna kati yao anayelipwa mshahara kwa kuzima moto. Tena kila mwezi mzimamoto hutoa ada mfukoni mwake kuilipa kampuni yake. Wanaolipwa ni wachache, hasa madereva wanaoishi kituoni na wapokeaji wa simu za dharura.

Neno kampuni lisiwachanganye, maana hapa halihusiani na biashara. Kampuni ni kundi la wazimamoto lenye namba yake, kituo chake, gari lake, bendera yake na viongozi waliochaguliwa kwa kura na wanachama. Kampuni za mji mmoja zikiungana chini ya kamanda mmoja ndipo hupatikana kikosi cha mji. Kikosi cha Santiago, mji mkuu, peke yake kina kampuni 22.

Chimbuko lake ni bandari ya Valparaíso. Katikati ya karne ya 19, kabla ya Mfereji wa Panama kuchimbwa, meli zilizozunguka ncha ya kusini ya Amerika zilitia nanga hapo, na kwa hiyo mji ulijaa wafanyabiashara wa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kimarekani pamoja na maghala yao. Ni mji uliobanwa kati ya bahari na vilima, nyumba zimegusana, mbao ni nyingi na upepo haukomi. Tarehe 15 Desemba 1850 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mtaa wa biashara, na tarehe 30 Juni 1851 wenyeji na wageni walianzisha chama cha kupambana na moto, ambacho ndicho mama wa vikosi vyote vya Chile. Sitawadanganya kwamba walisukumwa na huruma tupu. Mwenye ghala lililojaa bidhaa ana sababu zake za kuchukia moto. Hata hivyo, walipoamua, hawakukodi watu wa kuwazimia, bali walivaa kofia wenyewe na kushika mpira wa maji.

Miaka 15 baadaye chama hicho kilipata mtihani ambao hakuna aliyeutarajia. Tarehe 31 Machi 1866 manowari za Hispania zilipiga mizinga Valparaíso, mji ambao haukuwa na ulinzi wa kujibu, na maghala ya forodha yakawaka. Wazimamoto wa kujitolea ndio walioingia kuzima, na miongoni mwao walikuwamo wageni ambao kisheria vita ile haikuwahusu.

Mchango wa 2 – Mwanzisha uzi (naendelea)

Sasa nije Santiago, ambako kikosi kilizaliwa kwa namna ya kusikitisha.

Wakatoliki waliomo humu wanajua kwamba kwetu mwezi wa Maria ni Mei. Nchini Chile huanza tarehe 8 Novemba na kufungwa tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Mama Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Mwaka 1863 ibada ya kufunga mwezi huo ilifanyika jioni katika kanisa la La Compañía, lililojengwa na Wajesuiti, katikati ya mji. Kanisa lilipambwa kwa vitambaa, maua ya karatasi na taa kwa maelfu, na lilijaa pomoni, wengi wao wakiwa wanawake. Karibu na saa moja jioni, mwali wa taa karibu na altare ulishika mapambo, ukapanda hadi kwenye paa la mbao, na taa za mafuta zilizoning'inia zikaanza kuwaangukia waumini. Mavazi ya wakati ule yalikuwa magauni mapana yaliyotanuliwa kwa fremu, hivyo yalishika moto upesi na kuwanasisha wanawake wenyewe kwa wenyewe. Waliofika mlangoni walianguka, wa nyuma wakawaangukia, na rundo la watu likaziba njia. Waliokuwa nje walijaribu kuwavuta kwa mikono, na miongoni mwa waokoaji alikuwamo balozi wa Marekani nchini humo, Thomas Nelson. Idadi ya waliokufa hutajwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000. Kwa mji wa ukubwa ule, nyumba iliyokosa msiba ilikuwa ya kuhesabika.

Jambo ninalotaka mlizingatie ni kasi ya kilichofuata. Siku chache tu baadaye kijana mmoja aitwaye José Luis Claro alitoa tangazo fupi gazetini, akiwaalika vijana wanaotaka kuanzisha kampuni ya zimamoto wakutane tarehe 14 mwezi ule ule, saa saba mchana. Lilikuwa tangazo la mistari michache, lisilo na hotuba wala lawama kwa yeyote. Waliohudhuria walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, na tarehe 20 Desemba 1863 kikosi cha Santiago kikaanzishwa rasmi, siku kumi na mbili tu baada ya moto. Mimi nimewahi kukaa kwenye kamati ya mtaa iliyotumia muda mrefu kuliko huo kuamua rangi ya fulana.

Kengele za kanisa lile zina kisa chao. Ziliuzwa kama chuma chakavu, zikanunuliwa na mfanyabiashara wa shaba, na zikaishia katika kanisa moja karibu na Swansea, Wales, zikakaa huko kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2010, Chile ilipoadhimisha miaka 200 ya taifa, zilirudishwa, na sasa zimetundikwa katika bustani iliyo pale pale lilipokuwa kanisa.

Miaka saba kamili baada ya msiba ule, tarehe 8 Desemba 1870, ukumbi wa maonyesho wa Teatro Municipal uliungua, na humo akafa Germán Tenderini wa kampuni ya sita. Ndiye wa kwanza katika orodha ya wale ambao kikosi cha Santiago huwaita mashahidi wake. Majina yao husomwa katika kumbukumbu, na likisomwa jina la marehemu, waliosimama mstarini humwitikia: yupo. Maziko ya mzimamoto wa Santiago hufanyika usiku, kwa mienge, kampuni zote zikiandamana.

Mchango wa 3 – Mchangiaji kutoka Tanga

Ndugu mwanzisha uzi, shukrani kwa somo hili, nimelisoma mara mbili. Nataka nilitazame kwa jicho la huku kwetu.

Tanzania Bara zimamoto ilikuwa kwa miaka mingi chini ya halmashauri, kila moja na uwezo wake, kabla ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 kuleta jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lenye namba ya dharura 114. Kwa hiyo mwendo wetu ulikuwa wa kuikusanya huduma kutoka mikononi mwa wenyeji na kuipeleka juu, wakati wenzetu wa Chile waliiacha chini. Sisemi kwamba tulikosea, kwa sababu halmashauri maskini haiwezi kununua gari la maji, achilia mbali ngazi ya kufikia ghorofa ya nane.

Ninachojiuliza ni hiki: sisi si wageni wa kujitolea. Mtaani kwangu kuna chama cha kufa na kuzikana ambacho kina katiba, ada, faini kwa asiyehudhuria, turubai, masufuria na daftari la mahudhurio linaloogopwa kuliko la shuleni. Mtu akifariki saa tisa usiku, kufikia alfajiri watu wamekwisha kusimamisha turubai. Kwa nini moyo huo unakuwapo kwenye msiba na haupo kwenye moto unaouleta msiba? Na swali la pili, ambalo naomba lijibiwe bila kupamba: mtu wa kibarua, anayeamka saa kumi na moja kwenda kutafuta riziki, atawezaje kulala kituoni akisubiri kengele? Isije ikawa hii ni anasa ya wenye nacho.

Mchango wa 4 – Mwanzisha uzi

Swali la pili ni la haki, nami nitalijibu bila kupamba. Mwanzoni kweli ilikuwa kazi ya wenye nacho. Waliokutana mwaka 1863 walikuwa vijana wa familia zinazojulikana, wafanyabiashara na wanataaluma, na wageni nao walifungua kampuni zao: Wafaransa, Wajerumani, Waitalia, Wahispania, na baadaye hata Waingereza na Wayahudi. Majina hayo bado yapo kwenye malango ya vituo na bendera za nchi hizo bado zinapepea pale, ingawa wanaoingia leo hawaulizwi babu yao alitoka wapi. Tena kwa muda mrefu kampuni nyingi zilikuwa za wanaume peke yao, na wanawake walilazimika kubisha hodi kwa miaka mingi kabla ya kufunguliwa.

Kadiri miji ilivyopanuka, vikosi vilianzishwa katika vitongoji na miji midogo, na huko waliojiunga walikuwa makarani, mafundi, walimu na watu wa viwandani. Kuhusu kulala kituoni, utaratibu wao ni wa zamu ya usiku inayoshikwa na wanachama wachache, na wengi wao ni wanafunzi wa vyuo waliotoka mikoani. Mwanafunzi hupata kitanda mjini, na kampuni hupata mtu wa kuondoka na gari dakika ile ile kengele inapolia. Ni mpango usio na gharama kubwa, na nadhani umeokoa vituo vingi visife.

Kuhusu chama cha kufa na kuzikana, umenena jambo ambalo nilikuwa nalizunguka bila kulitaja. Mtu akiniuliza kwa nini kampuni za Chile zimedumu zaidi ya miaka 170, sitamjibu kwamba watu wa kule wana huruma kuliko sisi. Zimedumu kwa sababu kampuni imeundwa kama kile chama chako cha mtaani. Kuna ada, kuna daftari, kuna faini na adhabu, kuna kura za kila mwaka, kuna kuheshimiwa kwa miaka uliyotumikia, na siku ukifa wenzako ndio watakaokubeba. Anayejiunga hapewi kazi ya bure. Anapewa watu wake. Kujitolea kunakotegemea shauku ya wiki ya msiba hufifia wiki ya tatu, ila chama chenye daftari humfuata mwanachama hadi nyumbani.

Wana pia kanuni ya kutoingiza siasa wala dini ndani ya kituo. Tarehe 11 Septemba 1973, jeshi lilipoipiga mabomu ikulu ya La Moneda, wazimamoto wa Santiago ndio walioingia kuzima moto uliokuwa ukiiteketeza, na ndio waliobeba mwili wa Rais Salvador Allende kuutoa nje. Katika mji uliogawanyika vile, bila shaka ndani ya kampuni moja walikuwamo waliolia na waliofurahi.

Mchango wa 5 – Mchangiaji kutoka Mombasa

Nimesoma kwa makini. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 iliwapa magavana na serikali za kaunti jukumu la zimamoto na kukabiliana na majanga, kwa hiyo sisi tumeelekea upande ulio kinyume na wa ndugu wa Tanga: huduma imeshushwa chini. Pamoja na hayo raia amebaki mtazamaji, na gari la zimamoto likikwama kwenye foleni, wanaobeba ndoo ni wale wale majirani wasio na kofia wala glavu.

Swali langu ni la fedha. Ada ya wanachama haiwezi kununua gari la kisasa. Nani analipa? Na yule anayelipa, hachukui usukani siku moja?

Mchango wa 6 – Mwanzisha uzi

Fedha hutoka sehemu kadhaa. Serikali kuu hutenga fungu la bajeti kila mwaka kwa ajili ya magari, vifaa na uendeshaji, manispaa nazo huchangia kwa kadiri zinavyoweza, na kinachopungua kampuni hukitafuta kwa bahati nasibu, chakula cha mchango na makopo ya sarafu barabarani. Si jambo geni kumkuta mzimamoto aliyevaa sare kamili amesimama kwenye taa za barabarani akiomba sarafu za kulipia mafuta ya gari ambalo kesho yake litamwokoa yule yule aliyempa sarafu. Wapo Wachile wanaoliona hilo kuwa aibu ya taifa, nami naona wana hoja.

Kuhusu usukani, vikosi vyote viliunda baraza lao la kitaifa mwaka 1970, ambalo huzungumza na serikali kwa sauti moja, husimamia manunuzi na lina chuo chake cha mafunzo. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria mama, namba 20.564, inayowatambua kuwa chombo cha huduma kwa umma na kuweka utaratibu wa kukaguliwa kwa fedha za serikali, huku wakibaki jumuiya za watu binafsi zinazojichagulia viongozi. Kwa maneno mengine, serikali inanunua gari na kudai hesabu, lakini haimteui kamanda.

Mchango wa 7 – Mchangiaji, fundi umeme

Mimi nitakuwa mkosoaji, kwa sababu uzi usiwe wa kusifu tu. Moto wa leo si moto wa ndoo na shoka. Kuna lori la mafuta, mitungi ya gesi, kemikali za viwandani, waya zenye umeme ambao hauonekani. Sisi tunaikumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka. Raia mwenye moyo mwema asiye na mafunzo, mahali kama pale, ni maiti nyingine. Nimewahi kuona kwa macho yangu watu wakimwagia maji mita ya umeme iliyokuwa ikiwaka, na nilipopiga kelele waache, niliambiwa sina utu. Je, hao wa Chile hawajawahi kulipia gharama ya kutumia watu ambao si wa kazi hiyo?

Mchango wa 8 – Mwanzisha uzi

Wamelipia, na Valparaíso ndiyo iliyolipa zaidi. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1953, moto ulizuka katika ghala la mbao, na wazimamoto walifika kama kawaida. Hakuna aliyewaambia kwamba jirani yake, katika stoo ya idara ya serikali ya barabara, kulikuwa na vilipuzi vya kupasulia miamba. Mlipuko uliwaua wazimamoto 36. Hata hivyo, fundi, naomba tuwe waangalifu na somo tunalochota hapo. Waliokufa hawakufa kwa sababu hawakuwa na mshahara. Walikufa kwa sababu aliyeweka vilipuzi katikati ya mji hakumpa mtu taarifa, na askari wa kulipwa angekufa pale pale.

Kuhusu mafunzo nakubaliana nawe kabisa. Mgeni huanza na mazoezi na masomo kabla ya kuruhusiwa kusogelea moto, na kampuni zimejigawia utaalamu: ipo ya ngazi, ipo ya pampu, ipo ya uokoaji wa ajali za barabarani, ipo ya kemikali. Kampuni moja haijifanyi kujua yote.

Lipo pia doa ambalo nisingelitaja ningekuwa nawapigia debe. Tarehe 2 Februari 2024 moto wa misitu ulishuka kwenye makazi ya vilimani ya Viña del Mar na miji jirani, ukaua zaidi ya watu 130. Mwezi Mei mwaka huo walikamatwa watuhumiwa wa kuuwasha kwa makusudi, na mmoja wao alikuwa kijana wa kujitolea katika zimamoto, mwingine mtumishi wa idara ya misitu. Kwa watu waliozoea kuwaona wazimamoto kuwa ndio wa kuaminika kuliko wote, habari ile ilikuwa kama kuambiwa kwamba mwadhini ameiba viatu msikitini. Kijana huyo alifukuzwa katika kikosi chake. Chama chochote kinachofungua mlango kwa wote kitaingiwa na wa kila namna, na hapo ndipo ninapoona kwamba usaili wa wanaojiunga una uzito uleule wa mafunzo.

Wala isisahaulike kwamba mioto ile ya vilimani, ya 2024 na ile ya Aprili 2014 iliyoteketeza zaidi ya nyumba 2,500 Valparaíso, ilikuta nyumba za mabanzi zimejengwa kwenye makorongo yasiyo na barabara ya gari wala haidranti, yaani bomba la maji la zimamoto. Hapo hata kikosi bora duniani kitafika kikiwa kimechelewa.

Mchango wa 9 – Mchangiaji kutoka Tanga

Nimeridhika na majibu, ila limebaki moja linalomhusu mtu wa kibarua niliyemtaja. Kengele ikilia saa nne asubuhi, naye yuko kazini kwa mtu, anafanyaje? Mwajiri wa huku kwetu atamwambia aende na asirudi.

Mchango wa 10 – Mwanzisha uzi

Swali hilo hata wao waliishi nalo kwa zaidi ya karne moja na nusu, na kila mtu alitegemea wema wa bosi wake. Mwaka 2016 walilitungia sheria, namba 20.907, iliyoongeza kifungu katika sheria ya kazi. Mfanyakazi ambaye ni mzimamoto wa kujitolea anaruhusiwa kuondoka kazini kuitikia dharura, na muda alioutumia huko huhesabiwa kuwa ameufanyia kazi, mshahara wake haukatwi. Mwajiri naye amelindwa: anayo haki ya kudai uthibitisho kutoka kwa kamanda wa kikosi kwamba tukio lilikuwapo na kwamba mtu wake alihudhuria, na lile daftari la mahudhurio ndilo linalotoa jibu.